Nyeusi Kumi, Nyeupe Tano

Katika misitu ya Rungwe mbao hupasuliwa na watu wawili. Mmoja husimama juu ya gogo, mwenzake huingia shimoni chini yake, na msumeno mmoja mrefu hupita kati yao. Wa juu akivuta, unakata. Wa chini akivuta, unakata. Hauulizi nani ameununua wala nani ameunoa. Ndiyo maana wahenga walipotaka kuieleza sheria hawakuifananisha na panga, ambalo lina mpini kwa mwenyewe na makali kwa mwingine. Waliifananisha na msumeno. Wako watu wanaotunga sheria wakidhani wameshika panga. Tusekile wa Bulyaga alikuwa mmoja wao, na alizinduliwa siku ya Saba Saba, mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tatu, mbele ya kadamnasi.

Tusekile alikuwa mama wa watoto wanne, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Akikuta mboga ina chumvi nyingi alisema ina chumvi nyingi, hata kama mpishi ni mkwe wake. Wanawake wa Bulyaga hawakumchagua kuwa kiongozi wao kwa upole. Walimchagua kwa sababu akisema saa tatu, saa tatu utamkuta amekwisha fagia na kukaa.

Mwaka ule wanawake wale walikuwa na neno moja tu vinywani: cherehani. Walikuwa wametangaziwa kwamba Januari ijayo mtoto asiye na sare hatapokelewa darasa la kwanza. Bulyaga walikuwapo wasichana kumi na wawili wa kuanza shule, na Lusungu, binti wa Tusekile, alikuwa mmoja wao. Fundi nguo wa mjini alikuwa na kazi hadi shingoni, na kila mtu alijua kwamba wavulana wangeshonewa kwanza. Kitambaa walikuwa nacho. Jora zima la bluu lilikuwa darini kwa rafiki yake Tusekile, Atupele, likinuka moshi wa jikoni. Walichokosa ni mashine ya kukishona.

Basi chama cha ushirika kilipotangaza kwamba siku ya Saba Saba kitatoa cherehani ya miguu kwa kikundi cha wanawake kitakachoshinda mashindano, Bulyaga nzima haikulala. Mwaka uliotangulia wanawake walishindana kuvuta kamba kwenye tope, na mama mmoja akavunjika mkono. Safari hii kamati ya sherehe ikataka mchezo wa kukaa kitini. Ikachagua keramu.

Keramu ilikuwa mchezo wa Msasani, mtaa jirani na Bulyaga. Iliishi nyumbani kwa fundi Sadalla, seremala ambaye baba yake alitoka Kilwa, na mkewe Mwanaasha, ambaye aliijua keramu kabla hajajua kusuka ukili. Tusekile alifika kwao miaka miwili nyuma kuagiza kitanda. Sadalla, kama mafundi wote, alisema wiki moja. Kitanda kilichukua wiki sita. Kila alipokwenda kugomba, Mwanaasha alimkalisha ubaoni wacheze kidogo hasira ipungue. Kitanda kilipokwisha Tusekile alikuwa akiwafunga wanagenzi wote wa karakana, na urafiki wake na Mwanaasha ulikuwa wa chanda na pete. Tangu hapo kila Jumamosi, akitoka sokoni, alipitia Msasani kucheza mbao mbili tatu.

Wiki mbili kabla ya Saba Saba kamati iliitisha mkutano katika ofisi ya tawi la chama tawala ili mchezo uelezwe kwa wasioujua. Bendera ya nchi ilikuwa ukutani, bado ina mikunjo. Sadalla aliuweka ubao wake mezani, akamimina kete kutoka mfukoni.

"Kete ni kumi na tisa," alisema. "Nyeupe tisa, nyeusi tisa, nyekundu moja. Zinapangwa katikati ya ubao, nyekundu ndani kabisa. Unapiga kwa kidole ukitumia hii kete kubwa, kutoka kwenye mstari wako. Kete yoyote ukiitumbukiza katika tundu mojawapo la pembeni ni yako. Unaitia kwenye bakuli lako, unapiga tena. Ukikosa, zamu ni ya mwenzako. Zikiisha, tunahesabu mabakuli."

"Na hii nyekundu?" aliuliza Hezron, katibu wa tawi, kalamu mkononi.

"Huyo ni malkia. Ana pointi ishirini na tano, lakini si wako mpaka umfunike. Ukimtumbukiza, pigo linalofuata lazima uingize kete nyingine. Ukishindwa, malkia anarudi katikati."

"Ah, anarudi tena!" alisema mzee Ambindwile, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na blanketi lake mabegani. "Sisi tulidhani tumeagana naye mwaka jana, siku ya Jamhuri."

Watu wakacheka hadi benchi likalia. Hezron naye akacheka, akaandika, kisha akauliza, "Na hizi nyingine?"

"Nyeupe ni pointi kumi," alisema Sadalla, kama mtu anayesema kwamba jua huchomoza mashariki. "Nyeusi ni tano."

Kicheko kilikatika kama uzi.

"Rudia, fundi," alisema Hezron.

"Nyeupe kumi. Nyeusi tano."

"Nani aliyepanga hivyo?"

"Mimi simjui, Ndugu Katibu. Tumeikuta hivyo."

"Hata viboko tulivikuta," alisema mzee Ambindwile, na safari hii hakucheka mtu.

Lakini aliyepigwa na butwaa kuliko wote alikuwa Tusekile. Alijiona kama mtu aliyetembea sokoni mchana kutwa na nguo yake imechanika nyuma. Miaka miwili! Miaka miwili amehesabu kwa kinywa chake mwenyewe, nyeupe kumi, nyeusi tano, huku akicheka na kunywa chai ya tangawizi, na hata siku moja sikio lake halikusikia kinywa kinasema nini. Uso ukamwaka moto. Alisimama kabla hajaitwa.

"Ndugu zangu, mchezo huu naujua. Nimeucheza. Nimehesabu hivyo hivyo kama kasuku, na leo naona haya. Hatuwezi kupandisha bendera asubuhi, halafu alasiri tukae mbele ya watoto wetu tukihesabu kwamba mweusi mmoja ni nusu ya mweupe. Mimi nasema, kuanzia leo nyeusi kumi, nyeupe tano. Kama kuna anayepinga, asimame tumwone."

Ofisi ilitetemeka kwa makofi na vigelegele. Mwanaasha peke yake, aliyekuwa nyuma pamoja na jirani yake Biubwa, aliinua mkono.

"Mama Lusungu, mimi sipingi," alisema. "Lakini hizi ni mbao tu, mwenzangu. Zote mume wangu amezikata katika mti mmoja. Nyeusi amezichovya kwenye wino, basi."

"Kama ni mbao tu, hutaumia tukizibadilisha."

"Sitaumia," alisema Mwanaasha. "Nauliza tu wewe kama hutaumia."

Watu wakacheka tena. Sadalla alikuna kidevu. "Kuna jambo moja. Watu wengine wamezoea hesabu ya zamani. Je, atakayesahau siku ya siku?"

"Atakayesahau amekula hasara yake," Tusekile alijibu papo kwa papo. "Hakuna kubembelezana. Hata akiwa mama yangu mzazi. Ndugu Katibu, andika hivyo, nitatia sahihi."

Hezron akaandika. Tusekile akatia sahihi, herufi kubwa zilizonyooka.

Siku zilizofuata Mwanaasha alikaa ubaoni kila alasiri, akijifunza upya. Alitupa macho mbali na nyeupe kama mtu anayejizuia kukuna kidonda. Tusekile hakuwa na ubao nyumbani, wala hakuwa na nafasi. Kahawa ilikuwa imeiva, mikono yote ilikuwa mashambani, na jioni alikuwa na vikao vya sherehe. Alifika Msasani mara moja tu, Jumamosi ya mwisho. Wakacheza ubao mmoja. Tusekile alishinda.

"Shoga, nikwambie kitu?" Mwanaasha alisema akiokota kete. "Mkono wako bado unapenda nyeupe."

"Mkono wangu unapenda kushinda."

"Leo umenishinda kwa sababu nilicheza vibaya. Hesabu bakuli lako, utaona."

"Wewe chunga la kwako," alisema Tusekile akijifunga kanga. Hakulihesabu.

Saba Saba ilikuja na baridi yake. Bendera ilipandishwa, hotuba zikasomwa, watoto wakaimba, kisha wanawake wakaingia katika ukumbi wa tawi, kila kikundi na wachezaji wake. Cherehani iliwekwa mezani mbele, nyeusi, inang'aa, ina maua ya rangi ya dhahabu ubavuni. Kila aliyepita aligusa gurudumu lake kidogo, kama mtu anayemgusa mtoto mchanga wa mwenzake.

Raundi ya kwanza ilileta mtafaruku. Mama mmoja kijana kutoka Kiwira, mwenye mtoto mgongoni, alicheza na Biubwa wa Msasani. Alikuwa na shabaha ya ajabu. Aliingiza nyeupe saba mfululizo, na alipomaliza alitabasamu na kuwapungia mkono wenzake. Sadalla, ambaye ndiye aliyewekwa kuhesabu, aliandika kwa chaki kwenye ubao wa ukutani, na mama yule akaona ameshindwa.

"Hapana, baba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nyeupe ni kumi. Ndivyo tunavyocheza kwetu, mgodini. Sisi Kiwira barua ya sheria mpya haikutufikia."

Hezron aligeuka huku na huku. Moyo wake ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva. "Pengine, kwa kuwa hawakupata barua..."

Tusekile alisimama. "Ndugu Katibu, sheria ilisomwa hapa asubuhi, mbele ya watu wote, na yeye alikuwapo. Tukimhurumia huyu, na wa pili atataka, na wa tatu. Sheria ni sheria. Aliyesahau amekula hasara yake."

Maneno hayo yalikuwa ya haki. Mama wa Kiwira alikaza kanga iliyomshika mtoto, akamtazama Tusekile kwa kitambo, kisha akaenda kusimama karibu na mlango.

Tusekile mwenyewe aliwashinda wawili asubuhi ile. Aliwafagia. Kete nyingi mno ziliingia bakulini mwake hata haikujalisha zilikuwa za rangi gani.

Ilipofika saa tisa alasiri walibaki wawili: Tusekile wa Bulyaga na Mwanaasha wa Msasani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi usawa wa madirisha, na unyevu ukazifanya kete ziende kwa uvivu kama konokono. Sadalla aliukausha ubao juu ya jiko la mkaa, akaupangusa, akaunyunyizia poda. Wanaume, ambao siku hiyo hawakuruhusiwa kuingia isipokuwa wasimamizi, walikuwa wamejazana madirishani kama mbuzi mlangoni mwa zizi.

"Mama Lusungu!" mmoja alipaza sauti. "Leo kwako atapika nani?"

"Atapika mume wangu, na wewe utakuja kuosha masufuria!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hezron akagonga meza. "Kimya! Hesabu haitatajwa mpaka kete ya mwisho iingie. Mwenye mdomo autie mfukoni."

Mwanaasha alianza. Alizitawanya kete zile zikatapakaa ubaoni, akaingiza nyeusi moja, akakosa. Tusekile akasogea, akapinda kidole.

Si kwamba alikuwa ameisahau sheria. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza, angekujibu: nyeusi kumi, nyeupe tano. Lakini kichwa cha Tusekile kilibadili sheria kwa dakika tano, na vidole vyake havikuhudhuria mkutano ule. Vidole vilikuwa na miaka miwili ya Jumamosi. Vilipoona nyeupe imekaa vizuri vilikwenda, kama punda anavyokwenda nyumbani kwake hata mwenyewe akisinzia. Tap! Nyeupe. Tap! Nyeupe. Wanawake wa Bulyaga walipiga vigelegele kwa kila kete, naye kelele zile zikampanda kichwani kama pombe. Katikati ya mchezo alikumbuka kidogo, akatafuta nyeusi moja, akaiingiza. Kisha nyeupe nyingine ikamkonyeza karibu na tundu, na fahamu zikapotea tena.

Mwanaasha alicheza polepole. Alipita nyeupe mbili zilizokuwa mdomoni mwa tundu, akaenda kuhangaika na nyeusi iliyokuwa mbali. Watu wakamcheka.

"Huyo macho yana ukungu!"

"Mpeni miwani!"

Mwanaasha hakugeuka. Aliingiza ile nyeusi.

Mwishowe zikabaki kete tatu tu: malkia, nyeupe moja na nyeusi moja. Zamu ilikuwa ya Tusekile. Alipiga. Malkia akaenda moja kwa moja, akazama. Watu wakaruka, kisha wakakumbuka kwamba bado hajafunikwa, wakanyamaza.

Nyeupe ilikuwa mdomoni mwa tundu la kulia. Nyeusi ilikuwa mbele ya tundu la kushoto, imenyooka. Zote mbili hata mtoto angeziingiza. Tusekile hakufikiri. Tap! Nyeupe ikazama, na malkia akafunikwa.

"Bulyaga! Bulyaga!"

Ndani ya kichwa chake hesabu ilijijumlisha yenyewe, ile aliyoizoea, na ikampa ushindi mkubwa usio na mfano. Alimtazama rafiki yake kwa huruma. Ikabaki kete moja nyeusi, na zamu bado yake. Akaipiga kwa madaha, bila hata kuinama, kama mtu anayemtupia jiwe mbwa ambaye amekwisha ondoka. Kete ikagonga ukingo, ikarudi.

"Haidhuru," alisema akicheka. "Mwachieni naye apate moja ya kwenda nayo nyumbani."

Mwanaasha alichukua muda wake. Alichovya kidole kwenye poda, akapima, akaisukuma ile nyeusi taratibu hadi ikaanguka.

Basi ukumbi ukafumuka. Bakuli la Tusekile lilikuwa na kete kumi, malkia akiwamo. La Mwanaasha lilikuwa na tisa. Wanawake wa Bulyaga walimwinua kiongozi wao juu juu. Lusungu alikuwa akirukaruka mbele, katika gauni lake lililokatwa kutoka kitenge cha mama yake. Atupele alikuwa amekwisha fika mezani, ameuweka mkono mmoja juu ya cherehani na mwingine unazungusha gurudumu. "Jora linashushwa leo leo!" alipiga kelele. "Leo leo!"

Sadalla alikuwa akiandika ubaoni. Aliandika polepole kama apimavyo mbao. Tusekile, akiwa bado mabegani mwa wenzake, aliona jina lake, na chini yake: nyeupe nane, arobaini.

"Fundi, umekosea," alisema kwa sauti ya uchangamfu. "Nyeupe nane ni thema..."



Wenzake wakamshusha, naye akasogea hadi mbele ya ubao wa chaki. Sadalla hakugeuka. Labda hakutaka kumwona uso.

"Arobaini, Mama Lusungu," alisema taratibu. "Nyeusi moja, kumi. Malkia, ishirini na tano. Jumla sabini na tano." Chaki ikasogea upande wa pili. "Mwanaasha. Nyeupe moja, tano. Nyeusi nane, themanini. Jumla themanini na tano."

Ilikuwa kama mtu amemwaga maji ya mto Kiwira juu ya ukumbi mzima kwa mpigo mmoja. Hata Msasani, walioshinda, walibaki wamekodoa macho. Tusekile alitazama ubao wa keramu, mahali ile nyeusi ilipokuwa imekaa mbele ya tundu la kushoto. Sasa kichwa kilihesabu vizuri, sasa ambapo hakuna faida. Alikuwa na arobaini na tano. Angempata malkia, angemfunika kwa nyeusi, themanini. Kisha ile nyeupe iliyokuwa ikimsubiri mdomoni mwa tundu, themanini na tano; na Mwanaasha angebaki na sabini na tano. Pigo moja. Kushoto badala ya kulia.

Ndipo Atupele alipopata sauti. "Hesabu ya zamani!" alilia, mkono bado juu ya mashine. "Kwa hesabu ya zamani ni mia moja na kumi kwa hamsini! Kila mtu ameona nani amecheza!"

"Ya zamani! Ya zamani!" Bulyaga yote ikaitikia, wakigonga mabenchi.

Hezron alimsogelea Tusekile, akainamisha kichwa. "Ndugu Tusekile," alinong'ona, "ile sheria ilikuwa ya kuonyesha msimamo. Msimamo tumeuonyesha. Wewe ndiye uliyeitunga. Ukisema neno, kwa mchezo huu wa mwisho peke yake..."

Tusekile alimtazama Lusungu, aliyekuwa ameacha kuruka. Aliwaona wasichana wengine kumi na mmoja kwa macho ya moyo, wamekaa vizingitini Januari wakiwatazama kaka zao wakienda shule. Akafungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini.

Macho yake yakagonga mlangoni. Mama wa Kiwira alikuwa bado amesimama pale, mtoto amelala mgongoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akisubiri tu, kama mtu anayesubiri kujua bei.

"Sema, mama," alisema. "Tunasikiliza."

Tusekile akafunga kinywa.

"Nani alitunga sheria hii?" alimwuliza Hezron kwa sauti ya kusikika hadi madirishani.

"Wewe, ndugu."

"Nilitia sahihi?"

"Ulitia."

"Niliandika kwamba isipokuwa mimi?"

Hezron akaichomeka kalamu mfukoni.

"Atupele, toa mkono kwenye mashine ya watu."

Atupele aliutoa kama mtu anayeondoa mkono kwa mgonjwa anayekata roho. Akaanza kulia. Tusekile hakulia. Alivuka ukumbi hadi kwa mama wa Kiwira, akasimama mbele yake. "Asubuhi nilisema haki," alisema, "lakini niliisema kama mtu asiyetarajia kusemwa. Nisamehe kwa hilo." Kisha akarudi, akampa Mwanaasha mkono.

"Shoga, nilikwambia," Mwanaasha alinong'ona, naye macho yamelowa.

"Uliniambia. Usinihurumie, nitakupiga."

Cherehani ilikwenda Msasani kwa mkokoteni, Biubwa akiifunika kwa kanga isipate unyevu. Kikundi chao kilikuwa kimeandika kwamba wanachama watashona kwanza, kwa zamu, mpaka mwaka uishe. Wiki iliyofuata Mwanaasha alikuja Bulyaga akataka kumpenyeza rafiki yake kwenye foleni kwa siri.

"Mmeandika wanachama kwanza?" Tusekile aliuliza.

"Tumeandika."

"Basi wanachama kwanza. Msinifundishe tena, nimeelewa."

Jora la bluu lilishushwa darini kwa Atupele, likakatwa, na wanawake wa Bulyaga wakashona sare kumi na mbili kwa sindano za mkono. Walishona wakivuna, walishona kanisani kabla ya ibada, walishona hadi ncha za vidole zikawa ngumu kama magome. Mishono haikunyooka. Januari Lusungu alivaa sare ambayo bega moja lilikuwa juu kuliko jingine, akapokelewa darasa la kwanza, na mwalimu hakuuliza bega.

Saba Saba iliyofuata ilipokaribia, kamati ilikutana tena. Hezron alikohoa, akatazama karatasi zake, akasema kwamba baadhi ya ndugu, kwa kumheshimu Mama Lusungu na maumivu yaliyompata, wanapendekeza keramu irudishwe katika hesabu ya zamani.

Watu wote waligeuka kumtazama. Tusekile, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akikaa ubaoni kwa Mwanaasha kila Jumamosi kuvifundisha vidole vyake adabu, alisimama kabla hajaitwa.

"Maumivu yangu hayakuletwa na sheria mbaya," alisema. "Sheria ilikuwa nzuri, ni nzuri hata leo. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya gogo nikasahau kwamba hata wa juu ana miguu ya kukatwa. Andika, Ndugu Katibu: nyeusi kumi, nyeupe tano. Na atakayesahau amekula hasara yake."

"Hata akiwa mama yako mzazi?" mzee Ambindwile aliuliza kutoka mlangoni, blanketi mabegani.

"Hata nikiwa mimi," alisema Tusekile, akavuta karatasi na kutia sahihi.

Kweli, sheria ni msumeno: hukata mbele, hukata na nyuma.